Mkono wa Baba, Mkono wa Mama

Dadu yenyewe ilikuwa ya chuma. Mjukuu wangu Nakijwa aliniwekea kiganjani, akasema, "Bibi, hebu sikia ilivyo nzito." Nikaikumbatia kwa vidole mpaka ikapata joto, na nilipomrudishia, mkono ulibaki na harufu yake. Nyinyi wa rika langu mnaijua. Ni harufu ya jembe lililoshikwa na jasho, ya kitasa cha mlango wa kanisa asubuhi ya baridi. Nilinusa kiganja mara ya pili, watoto wakacheka, wakidhani bibi anazeeka vibaya.

Walikuwa wamekuja kwangu Chome likizo, na ukungu wa mlima Shengena ukateremka na mvua yake ukawafungia ndani. Wakatandaza mchezo wao kwenye meza yangu ya chakula. Mchezo wenyewe hauna ubao wala kete. Mmoja anasimulia safari ya hatari, wengine ndio wasafiri, na dadu inaamua kama upanga umempata adui au umekata hewa. Lakini kabla safari haijaanza, kila msafiri lazima aseme yeye ni nani. Wenyewe wanaita klasi, mimi nikaelewa ni fani. Kuna mpiganaji. Kuna mponyaji. Kuna mchawi, na hapo nilikohoa, kwa sababu nyumba hii ni ya Kilutheri. Kuna na mwizi. Mdogo wao kabisa alichagua mwizi, akalitangaza hilo kwa fahari kama mtu aliyepata kazi benki.

Nakijwa akasema yeye anataka kuwa mpiganaji na mponyaji, yote mawili.

Eliamini ndiye aliyekuwa msimulizi. Ni mjukuu wangu wa kwanza, anasoma Dar, na anaongea polepole kama watu wote wanaoamini kwamba wanasikilizwa. Akamwambia, "Kuchanganya kunaruhusiwa, ila utajuta. Wenzako watapanda ngazi, wewe utabaki unatambaa huku na huku. Nusu mpiganaji, nusu mponyaji. Chagua moja, dada."

Nusu. Nilikuwa natoa makande jikoni. Nikaiweka sufuria chini.

Baba yangu alikuwa mhunzi. Babu yake alitoka kaskazini, milima ya Ugweno, na nyundo begani, akaoa huku kusini akabaki. Kiwanda cha baba kilikuwa kando ya kijito, chini ya nyumba: paa la nyasi, nguzo zilizokuwa nyeusi kwa moshi, na katikati shimo la moto na mivukuto ya kulipulizia upepo. Alifua majembe, miundu, visu, na mikuki ya Wamaasai waliopanda kutoka tambarare na vumbi lao jekundu miguuni. Chuma chake kilikuwa springi za malori mabovu, vijana walimletea kutoka Same mjini wakiwa wamezibeba kichwani.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mama yake vilevile, na mama wa mama yake. Udongo wao waliuchimba upande wa pili wa mlima, mahali ambapo mwanamume hakanyagi. Hata mchungaji wetu alipita mbali. Wakichoma vyungu, wanaume wote wa mtaa walipata shughuli ya ghafla kwingineko.

Basi hizo ndizo fani mbili za nyumbani kwetu, na zilikuwa hazigusani. Baba hakuwahi kuingiza mguu kwenye kibanda cha udongo cha mama. Mama alipompelekea baba chakula, alikiweka juu ya jiwe nje ya kiwanda, akapiga makofi, akaondoka. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mipaka hiyo. Alikuwa ameolewa Kifaru, bondeni huko kwenye joto, lakini alipanda kwetu kila alipopata nafasi kuja kuangalia kama tunaishi sawasawa. Usemi wake ulikuwa huu: "Mkono wa udongo ukigusa mvukuto, chuma hulia." Na kweli chuma kikipasuka wakati wa kuzamishwa majini, kinatoa sauti. Mlio mdogo, mwembamba. Ukiusikia mara moja huusahau.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa anamvukutia baba moto. Kisha akateremka kwenye mashamba ya mkonge kutafuta maisha yake, na baba akabaki na moto usio na pumzi. Hakukuwa na mvulana mwingine. Baba akaniangalia mimi, nilikuwa bado sijaota hata kifua, akasema mtoto hana upande. Nikakaa kwenye mivukuto.

Tatizo ni kwamba asubuhi nilikuwa kwa mama. Nilikanda udongo wake tangu nilipojua kutembea. Mama alijua naenda kwa baba, baba alijua natoka kwa mama, na wote wawili walifanya kile ambacho wazazi hufanya wakiwa na kazi nyingi kuliko mikono: walinyamaza. Shangazi ndiye aliyekuwa hajui.

Mimi niliusikia ule usemi wake, nikautafuta mlango wa kupitia. Mtoto hukosa mambo mengi ila hakosi akili yake mwenyewe. Shangazi alisema mkono wa udongo. Hakusema mtu. Na mimi nilikuwa na mikono miwili. Basi nikaigawa. Wa kulia nikampa mama, kwa sababu ndio tunaolia chakula na mama ndiye anayelisha. Wa kushoto nikampa baba. Nikafunga uzi wa katani kwenye kifundo cha mkono wa kushoto ili nisijisahau. Nilinawa mkono mmoja, nikamwaga maji, nikanawa mwingine. Sikupiga makofi kanisani, nilipiga paja. Usiku nililala nimeitenganisha, mmoja chini ya mto, mmoja nje ya blanketi, na huku kwetu Chome mkono ulioachwa nje ya blanketi mnajua unavyokuwa alfajiri. Sikumwambia mtu. Niliona ni sheria iliyo wazi kabisa, kila mtu anaifahamu, ndiyo maana hawaizungumzii.

Sasa nenda kafinyange chungu kwa mkono mmoja. Chungu kinataka mkono ndani na mkono nje, inaongea kupitia ukuta wa udongo. Mimi nilikuwa na mkono wa nje tu. Vyungu vyangu vilitoka vimeinamisha shingo. Mama akavitazama, akasema, "Mwanangu, vyungu vyako vyote vinasikiliza mlango." Akadhani ni udogo, nitakua.

Kwa baba ilikuwa hivyohivyo. Mivukuto yake ilikuwa mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, pua zake zimeingia kwenye bomba la udongo linalopeleka upepo motoni. Unabonyeza huu, unainua ule, huu, ule, moto unavuta pumzi moja ndefu isiyokatika. Mimi nilibonyeza ule wa kushoto peke yake. Moto ulipumua, ukanyamaza, ukapumua, ukanyamaza. Kati yangu na baba kulikuwa na kiukuta cha udongo cha kumkinga mvukutaji asiungue, yeye aliona utosi wangu tu, na masikio yake nyundo ilikuwa imeshakula nusu. Alikuwa akisema, "Moto wa leo una kwikwi." Akainua ngozi juani atafute tundu. Akazishona upya pasipotoboka. Majembe yalitoka, kwa shida, alirudia mara nyingi kuyapasha. Nilimwonea huruma baba yangu kwa ngozi zake mbovu.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Kimaasai na kijana wake anayetaka mkuki. Mkuki si jembe. Jembe likiwa na kasoro litachimba hivyohivyo. Mkuki ukiwa na kasoro utaijua siku simba amesimama mbele ya ng'ombe wako. Baba alifanya kazi ile akiwa amenyamaza, akaunyoosha ule ubao wa chuma mrefu, mwembamba, kama jani changa la mgomba. Mzee na kijana wakakaa nje wakisubiri. Na nani alikuwa amepanda siku hiyo kutoka Kifaru na kapu la mahindi mabichi? Shangazi. Alikuja moja kwa moja kiwandani kumsalimu kaka yake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo shangazi," nikasema kutoka nyuma ya kiukuta.

"Marahaba. Mbona mtoto wa kike yuko hapo?"

Baba hakumjibu, maana chuma kilikuwa kimeiva. Akakichukua kwa koleo, akakizamisha majini.

Kikalia.

Sauti ile ilipita ndani ya meno yangu. Baba akautoa mkuki, na ufa ulikuwa umekwenda katikati kama unywele. Yule mzee alisimama nje. Shangazi naye aliingia ndani, akanishika mkono, akaugeuza kiganja. Ulikuwa wa kulia. Kwenye kucha kulikuwa na udongo wa asubuhi.

"Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii mnayoficha. Asubuhi mfinyanzi, mchana mhunzi. Mtoto wa nusu-nusu. Kaka, utaua fani ya baba yetu kwa uvivu wa kutafuta kijana wa kuajiri."

"Dada, ngoja."

"Singoji. Mtoto nateremka naye. Kifaru kuna kazi ya kulea na kuna ng'ombe, hakuna udongo wala mvukuto. Atakuwa mtu wa kawaida."

Mama alikuja mbio aliposikia kelele, akasimama penye jiwe la chakula, hakuvuka. Alikuwa ametoka kuwasha moto wa vyungu, moshi ulionekana juu ya migomba. Nikamtazama yeye, nikamtazama baba. Ni hapo nilipoelewa kinachonitokea. Si kwamba ningechagua mmoja. Ningenyang'anywa wote wawili, nikachunge ndama za shangazi kwenye joto lile mpaka niolewe.

Nikasema, "Sikuugusa mvukuto kwa huo mkono."

"Usiniongopee."

"Mkono huo ni wa mama. Wa baba ni huu." Nikainua wa kushoto, wenye uzi. "Navukuta kwa huu tu. Tangu kaka aondoke. Ule wa kulia haujagusa chuma hata siku moja, shangazi, muulize Mungu."

Baba aliweka koleo chini, taratibu.

"Unavukuta kwa mkono mmoja?"

"Ndiyo, baba."

"Siku zote?"

"Ndiyo, baba. Ili chuma kisilie."

Yule mzee wa Kimaasai ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akaegemea fimbo, akamtafsiria kijana wake, na kijana naye akaanza. Baba hakucheka. Aliutazama ule ufa, akautazama moto wake wenye kwikwi, akazitazama zile ngozi alizozishona upya bure, na uso wake ukabadilika kama mtu anayehesabu na hesabu inakubali.

"Haukupashika sawa," akasema, kama anajisemea. "Upande umeiva, upande umelala. Chuma hakijalia kwa sababu mkono wa udongo umekigusa. Kimelia kwa sababu haujakigusa."

Shangazi akasema, "Unaongea nini wewe?"

"Binti yangu," baba akasema, "njoo tuufue upya. Vukuta. Yote miwili."

"Akiuweka mkono ule," shangazi akasema, na sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa na hofu, "hautapasuka mkuki tu. Na vyungu vya mama yake viko motoni hivi sasa. Mtakula nini mwaka huu?"

Na mimi nilimwamini. Naomba mnielewe hapo. Sikuwa mtoto jasiri asiyeamini miiko, niliamini kuliko wote, ndimi niliyelala na mkono nje ya blanketi. Niliposogea kwenye mivukuto, nilijua naweza kuwa nauvunja mkuki wa mtu na kupasua vyungu vya mama yangu kwa pigo moja. Lakini nilikuwa pia nimechoka. Nilikuwa nimechoka kuwa vipande viwili. Nikamtazama shangazi usoni, jambo ambalo mtoto wa wakati wetu hakufanya, nikang'ata ule uzi wa katani ukakatika, nikautema motoni. Nikaweka mkono wa kulia juu ya ngozi.

Ilikuwa ya moto kidogo, laini, na ikasukuma kiganja changu kama mnyama anayepumua. Huu, ule. Huu, ule. Moto ukanguruma. Sikuwahi kuusikia moto wa baba ukinguruma tangu kaka aondoke, na nilikuwa nimeshasahau kwamba una sauti hiyo. Makaa yakawa meupe. Baba akakata chuma kingine kwenye springi akaanza upya, na hakuna aliyeondoka. Mvua ilianza na kukatika, mimi navukuta. Mabega yaliwaka. Jasho likaosha udongo kwenye kucha likauchuruzisha juu ya ngozi ya mvukuto, ukabaki mchirizi mwekundu. Niliuona. Shangazi aliuona.

Baba akauzamisha mkuki. Ukachemsha maji, ukatulia. Haukulia.

Yule mzee akaupokea, akaugonga kwa ukucha, akasikiliza. Akanitemea mate kidogo kichwani, na kwao hiyo ni baraka, msiniulize mara mbili. Wakateremka.

Ningependa kuwaambia kwamba shangazi alinyenyekea. Alikwenda juu kwenye majivu ya mama, akasubiri vyungu vipoe, akavigeuza kimoja kimoja, mpaka akapata kimoja chenye ufa. Akakileta, akakiinua mbele ya wote.

"Haya."

Mama alikuwa mpole, watu walidhani hana ulimi. Alisema, "Wifi, kila nikichoma lazima kimoja kipasuke. Kilipasuka kabla huyu hajazaliwa, kilipasuka kabla mimi sijaolewa kwenu. Kipe jina la mtu mwingine."

Shangazi akachukua kapu lake akaondoka, bila mahindi na bila mimi. Jioni, kabla ya chakula, mama aliniletea bakuli la kunawa. Nilitumbukiza mikono yote miwili kwa pamoja. Nakumbuka ilivyoonana humo ndani ya maji kama ndugu waliotoka safari. Mama akauliza kwa nini nalia, nikamwambia moshi.

Jina la Nusu-nusu lilinishika. Watoto wa shule waliliimba, na nilipoacha shule darasa la nne nililikuta sokoni. Na nitawaambia ukweli ambao Eliamini angeupenda: nilichelewa. Wasichana wenzangu walikuwa wanauza vyungu vizuri, vyangu bado vinasikiliza mlango. Vijana wa rika langu walikuwa wanafua mapanga, mimi bado nafua misumari. Kila mahali nilikuwa mdogo wa mtu. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliambiwa anaoa mwanamke asiyejua yuko wapi. Akasema, "Nitamkuta sehemu moja kati ya mbili." Lakini mabomba ya udongo ya kupeleka upepo motoni, yale yaliyokuwa yanampasukia baba kila mara, ni mimi niliyeyatengeneza yasipasuke, kwa udongo wa mama uliochanganywa na unga wa vigae vilivyosagwa. Mhunzi tu asingejua udongo. Mfinyanzi tu asingejua moto ule. Shangazi alikufa mzee sana, na mpaka siku hiyo hakunywa maji kwenye chungu changu. Sikumwomba anywe. Nilimpikia matanga yake kwenye vyungu hivyohivyo.

Basi nikaiacha ile sufuria jikoni, nikachukua kiti, nikaketi mezani kwa wajukuu.

"Na mimi nacheza," nikasema.

Watoto wakatazamana. Eliamini akawa na adabu. "Karibu bibi. Utakuwa klasi gani?"

"Mhunzi na mfinyanzi."

"Bibi, hizo hazimo kwenye mchezo."

"Wewe si ndiye msimulizi? Zitie."

Akakuna kichwa. "Sawa. Lakini unaanza na moja, bibi. Halafu baadaye, ukishapanda ngazi, unaongeza ya pili. Na nakuonya, utakuwa dhaifu kuliko wote mwanzoni. Joka likitokea, wewe ndiye wa kwanza kuliwa."

"Basi joka litakuwa na kazi," nikasema. "Nakijwa, wewe ulisema nani?"

Alikuwa ameshafuta neno moja kwenye karatasi yake. Aliniangalia, akaliandika tena. "Mpiganaji na mponyaji, bibi."

"Haya. Tunatembea pamoja. Wakitutangulia, tutawakuta njiani wamevunjika, wewe uwafunge vidonda, mimi niwafulie panga."

Mwizi wetu mdogo akauliza kama anaweza kuja upande wetu. Nikamwambia akiacha wizi. Akasema hawezi, ndiyo kazi yake. Nikamwambia basi aongeze nyingine.

Eliamini akasukuma dadu mbele yangu. "Rusha, bibi. Mkono mmoja tu unatosha."

Nikaichukua kwa yote miwili. Nikaifunika, kiganja juu ya kiganja, kama mtu aliyekamata kifaranga, nikaitikisa mpaka chuma kikapata joto. Nikairusha. Ilipokuwa bado inazunguka mezani na watoto wameinamia kuona namba, mimi nilikuwa nanusa mikono yangu, wa kulia kisha wa kushoto, na yote ilinukia sawasawa.